Hukumu ya Mombasa ya 2018

Wanaume wawili waliokamatwa Ukunda, kusini mwa Likoni, mwaka 2015 wakishukiwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja, walipelekwa hospitalini Mombasa, wakalazwa miguu juu na kupimwa sehemu ya haja kubwa, kipimo ambacho hakina thamani yoyote ya kitabibu na ambacho, kwa haki kabisa, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilikiharamisha Machi 2018 kwa kuwa kinavunja utu wa mtu.

Hata hivyo kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, yaani sheria ya makosa ya jinai iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, kifungu kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja na ambacho adhabu yake hufika miaka 14, kilibakishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, ilhali Msumbiji ilikuwa imekwisha kukifuta cha kwake mwaka 2015, na Uganda mwaka 2023 ikaweka hata adhabu ya kifo.