Mapenzi ya Mawe

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuzungumza nanyi khabari za mawe, na za mtu mmoja aliyeyapenda tangu ujana wake hata yakawa kazi yake ya maisha.

Kwanza tuungame kosa letu wenyewe. Zamani za uanafunzi tulikutana njiani na mgeni mwenye jiwe jeupe lenye kung'aa. Alitoa kipande cha kioo, akakikwaruza kwa jiwe lile, alama ikatokea. “Hii ni almasi,” akasema. Tukampa fedha yote ya karo, ambayo baba aliipata kwa kuuza mbuzi wawili. Tulipofika shuleni mwalimu wetu hakucheka. Aliinama, akaokota kijiwe cheupe uani, akakikwaruza kioo kile kile, na alama ikatokea vile vile! Jiwe letu lilikuwa kwatzi, ambalo limejaa mitoni. Wataalamu wameupanga ugumu wa mawe kwa daraja kumi: kioo hakifiki 7, kwatzi ni 7, yakuti ni 9, na almasi 10. Basi kioo si shahidi wa almasi.

Mwaka ule tulikaa nyumbani kulima. Lakini kila jembe lilipogonga jiwe tuliliokota na kulitazama, na siku za Jumapili mwalimu alitufundisha majina yake. Ndiye aliyetusimulia khabari za John Williamson.

Bwana huyu alizaliwa Kanada mwaka 1907. Alianza kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha McGill, lakini likizo moja alikwenda Labrador kwenye kazi ya kuchunguza miamba, na aliporudi aliiacha sheria. Alipata shahada ya udaktari katika elimu ya miamba mwaka 1933, akaja Afrika, na baadaye akafanya kazi katika machimbo madogo ya almasi ya Mabuki, kusini ya Mwanza. Wenye machimbo walipokata tamaa, yeye aliyanunua, akaendelea kutafuta, mara nyingi kwa fedha za watu wengine.

Sasa sikilizeni jinsi almasi inavyotafutwa. Asili yake ni chini sana ardhini. Zamani moto wa volkano uliipandisha juu katika mwamba uitwao kimbalaiti. Almasi ni chache mno, lakini mwamba ule hupanda pamoja na mawe mengine mengi yasiyo na bei kubwa: ganeti nyekundu na ilmenaiti nyeusi. Mtafutaji huosha mchanga katika karai, akahesabu punje hizo. Zikizidi, husonga mbele; zikipungua, hurudi nyuma. Asiyejali vijiwe hivyo vyeusi atapita juu ya almasi asijue.

Mwaka 1940 Williamson alipata Mwadui, katika nchi ya Shinyanga. Mwamba ule una eneo la hekta 146 hivi, nao ni miongoni mwa iliyo mikubwa kabisa katika machimbo ya almasi duniani. Mwaka 1947 ilitoka humo almasi ya rangi ya waridi, zaidi ya karati 54, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake. Williamson alifariki mwaka 1958, mwenye umri wa miaka 50. Hakuoa.

Sanduku letu la mawe liko chuoni, nalo lina ganeti na ilmenaiti. Lile kwatzi limo pia, na karatasi iliyobandikwa chini yake imeandikwa: mbuzi wawili.