Wanafunzi wa biashara na daftari la kikoba

Msikilizaji, kila mwaka wanafunzi wa vyuo vya biashara, kikiwemo Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichoanzishwa mwaka 1965, huenda mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia benki na ofisi kubwa, na huko si ajabu mtu akamaliza muda wake akitoa kopi na kupanga mafaili.

Sasa, hilo linamhusu nini mama muuza mbogamboga? Linamhusu sana. Akiba yake iko kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zimegawanywa kwa wanachama watatu. Sanduku lina ulinzi. Daftari je? Hisa, riba na faini zimeandikwa kwa kalamu, zimekatwa, zimeandikwa tena. Siku ya kuvunja kikoba, ugomvi. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Mwanafunzi wa uhasibu akipelekwa huko kwa mafunzo yake, angezinyoosha hesabu hizo, naye akajifunza kazi yenyewe hasa.

Kwa upande mwingine, wapo wenye hofu, na wana hoja. Mgeni kujua nani anadaiwa nini si jambo dogo. Tena wiki chache zikiisha anaondoka. Na nauli yake alipe nani?

Mimi naona mawili ya kwanza yana dawa: ahadi ya kutunza siri, na mhadhiri anayefuatilia kwa karibu. Nauli bado inahitaji jibu, lakini lililo gumu zaidi ni hili. Je, mwajiri atakayesoma wasifu wa kijana huyu ataipa kazi ya kikoba cha Mbagala uzito uleule anaoipa kazi ya benki?