Miti Mitakatifu Katikati ya Ploti



Turathi za Kibuddha zikitajwa, wengi hukumbuka Bamiyan, Afghanistan, ambako Taliban walilipua sanamu mbili za Buddha mwezi Machi 2001. Moja ilikuwa na urefu wa mita 55. Mes Aynak, kusini mashariki mwa Kabul, haikupigiwa kelele kama hizo. Huko mabaki ya makao ya watawa yamekalia shaba nyingi, na mwaka 2008 kampuni ya Kichina ilipewa mkataba wa kuichimba. Mimi naihofia zaidi hii ya pili, maana mharibifu wake ana kibali mkononi.

Hapa Kalimoni tunaijua hatari hiyo. Kuanzia Ruiru hadi Thika, mashamba ya kahawa yanakatwa ploti, na Ndarugu mawe ya kujengea yanachimbwa. Mugumo, mtini mtakatifu wa Wagikuyu, ukijikuta ndani ya bikoni za mtu, mnunuzi haoni mahali wazee walipochinjia kondoo wakiomba mvua. Anaona mizizi itakayopasua msingi wa nyumba yake.

Thika tuna mugumo ulioingia katika historia. Inasimuliwa kwamba nabii wa Wagikuyu, Mugo wa Kibiru, alitabiri kuwa mti huo ukianguka, utawala wa Waingereza utakwisha, nao wakoloni wakauzungushia ukuta kuuimarisha. Radi iliupasua mwaka 1963. Bustani ya Mugumo ipo hadi leo, lakini ni wangapi kati ya vijana wanaopumzika pale wanaoijua habari hii?

Linganisheni na Anuradhapura, Sri Lanka. Mti wa Bodhi wa huko, mtakatifu kwa Wabuddha na wa jamii moja ya mitini na mugumo wetu, umetunzwa zaidi ya miaka 2,200. Matawi yake yameegemezwa kwenye nguzo, watawa wanaulinda, na miche yake imepandwa nchi nyingi. Mwaka 1985 waumini waliuawa kwa risasi palepale, na utunzaji haukukoma. Nguzo zinasaidia, ila kilichouvusha mti ule ni watu wanaorithishana kazi.

Nasi tunaweza. Mwaka 2020 mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya juu. Wananchi wakapinga, serikali ikaamuru ubaki. Kule Pwani, misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na wazee wa kaya bado ndio walinzi wake.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na orodha. Kila kijiji kitaje miti na viwanja vyake vya ibada kabla mpimaji hajafika, kisha tuombe Makavazi ya Kitaifa vitangazwe rasmi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Shule nazo zipande vipandikizi: tawi nene la mugumo likichomekwa ardhini msimu wa mvua hushika mizizi. Wazee waliopo hapa wachague matawi hayo wenyewe, mvua za masika zijazo.