Jiwe la miguu lisipande juu ya kifundo

Maneno ya mwanamemba wetu, mwuguzi, kwa mkutano wa wanamemba hapa Goma



Niliombwa niseme juu ya kusugua mwili. Mwingine atauliza, hiyo nayo ni mambo ya mkutano? Ndiyo, iko ya mkutano. Kambi nyingi za pembeni ya mji zilifungwa mwanzoni mwa 2025, na watu wakarudi Sake, Masisi, Rutshuru, wengine hapa hapa mjini. Tumerudi na ngozi iliyoteseka: vumbi, maji kidogo, kipande kimoja cha sabuni kwa nyumba nzima. Sasa mtu akipata bido moja ya maji, anajisugua kama anaosha sufuria. Hapo ndipo vidonda vinaanzia.

Tujue kwanza ngozi inafanya nini. Juu yake kuna maganda membamba yaliyokufa. Yanatoka yenyewe kidogo kidogo, na ngozi mpya inapanda kutoka chini. Kwa mtu mkubwa kazi hiyo inachukua karibu mwezi mmoja. Kusugua ni kusaidia maganda yatoke, basi. Ukipita hapo unatoa ngozi iliyo hai. Alama yake ni hii: inawaka, inachoma ukipaka sabuni, na kwetu watu weusi, nyuma ya siku kadhaa inazidi kuwa nyeusi. Viwiko na shingo za wengine wetu haziko na uchafu. Zimechoka kusuguliwa.

Kwa hiyo kila sehemu ya mwili ina kipimo chake.

Nyayo. Hapa ngozi ni nene, inavumilia jiwe. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Moto wa Januari 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Jiwe hatununui, tunaokota. Lakini muangalie: jiwe la dukani ni jepesi, linaelea juu ya maji. Hili letu ni zito, linazama, na tundu zake zina makali. Chukua mawe mawili, yasuguanishe ndani ya maji mpaka upande mmoja uwe laini. Loweka miguu kwa maji ya vuguvugu dakika kumi hivi, kisha sugua polepole, mara moja ao mbili kwa juma. Usitake kumaliza ugumu wote siku moja, maana ugumu huo ndio unakukinga ukitembea. Ukiona ufa wenye damu ao funza, weka jiwe chini. Na mwenye ugonjwa wa sukari asiguse jiwe kabisa: anaweza kujikata bila kusikia maumivu, na kidonda kikakawia kupona.

Mikono, mapaja, mgongo. Kitambaa cha kuogea ao dodoki, pamoja na sabuni, mara moja ao mbili kwa juma. Siku zingine mkono wako unatosha. Kwa magoti na viwiko, mafuta yanasaidia kuliko nguvu.

Uso. Vidole tu. Chumvi na sukari vinakwaruza. Ndimu nayo, ukitoka nayo juani, inaweza kuchoma ngozi.

Kwapa. Kama umenyoa leo, usisugue leo.

Sehemu za siri. Maji ya nje peke yake. Hakuna kusugua, na wamama, hakuna kuosha ndani.

Watoto. Hapana jiwe, hapana dodoki. Ngozi yao ni nyembamba. Mkono wa mama unatosha.

Mukisahau yote, mushike neno moja: jiwe la miguu lisipande juu ya kifundo.

Sasa kuna upele, ile wanganga wanaita gale. Wengi walitoka nao kambini, na wanajaribu kuutoa kwa jiwe. Hautatoka. Ni mdudu mdogo sana, anachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Ukisugua unafungua njia ya usaha tu. Kama mnajikuna nyumbani, zaidi usiku, katikati ya vidole, kiunoni, kwapani, muende kituo cha afya. Dawa inapakwa ao kumezwa na watu wote wa nyumba siku moja, hata yule asiyejikuna, na nguo na mablanketi vifuliwe kwa maji ya moto. Akitibiwa mmoja peke yake, mdudu atarudi kwake kutoka kwa ndugu yake.

Neno lingine ni la krimu za kung'arisha. Mtu amesugua, pamekuwa peusi, anakimbilia sokoni. Zingine zina zebaki, ambayo inaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa 2013 umeikataza kwa vitu vya kupaka mwilini. Krimu isiyoonyesha imetengenezwa na nini, dada yangu, iache kwa meza ya muuzaji. Pale peusi, acha kusugua, paka mafuta, subiri. Itachukua miezi, lakini hautalipa kwa figo.

Tena, tusiazimane. Jiwe ao dodoki ya mtu mmoja ni kama mswaki. Vitu hivi vinabeba damu kidogo ambayo macho haioni. Kila mtu awe na chake, akioshe, akianike juani.

Wafadhili wetu, kwenu nina ombi moja. Mukituletea sabuni, tunashukuru sana. Muongeze chupa ya mafuta ya kupaka, na dawa ya upele inayotosha nyumba nzima, siyo mtoto mmoja. Sabuni bila mafuta inaacha ngozi kavu, ngozi kavu inawasha, na mtu anarudia jiwe.

Mwenye swali aulize. Na mwenye kidonda asione haya, anifuate pembeni tukiangalie.