Kuzungumza na Mita ya Umeme: Tarakimu 20

Sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari, kalamu, na njiti saba za kibiriti. Kama kibiriti hakipo, kata chelewa saba zenye urefu mmoja. Zitatufaa baadaye kidogo.

Somo letu la leo ni mita ya umeme, ile ambayo mtu hulipa kwanza ndipo akatumia. Hapa Zanzibar twaijua kwa jina la TUKUZA, na ndugu zetu wa Tanzania Bara huiita LUKU. Pengine mwenye nyumba atasema, "Mita naijua, iko ukutani kwangu miaka mingi." Ni kweli, unaijua kwa sura. Lakini je, unaijua kwa maneno? Ikikuambia jambo, unalisikia? Ukitaka kuiambia jambo, unaiambia mwenyewe, au unamwita kijana wa jirani?

Hilo ndilo swali la leo. Ukishajua kusoma tarakimu kutoka 0 mpaka 9, umeme wa nyumba yako unaweza kuwa mikononi mwako.

UMEME UNATOKA WAPI

Tuanze mbali kidogo. Zamani kisiwa chetu cha Pemba kilipata umeme kwa mashine za dizeli. Mwaka 2010 ulianza kazi waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mpaka Pemba, urefu wake kiasi cha kilomita 78. Serikali ya Norway ilisaidia gharama zake. Kutoka hapo umeme huenda kwa nguzo na nyaya mpaka vijijini, ukafika Kengeja, ukaingia nyumbani kwako kupitia mita.

Basi mita yako ni kiungo kimoja cha mtandao mkubwa. Umeme huja wenyewe kwa waya. Lakini habari kwamba umelipa haiji kwa waya huo. Siku hizi zipo mita mpya ambazo hupokea habari kama simu inavyopokea. Hizi za vitufe tunazozisema leo, nyingi hazina masikio ya namna hiyo. Zinangoja mtu aje azibonyeze.

Ukinunua umeme, dukani au kwa simu, unapewa tarakimu 20. Tarakimu hizo ni barua. Imeandikwa na shirika la umeme, inapelekwa kwa mita, na tarishi wake ni wewe. Bila kidole chako barua haifiki, na taa haiwaki.

SURA YA MITA

Mita hizi si za namna moja. Nyingine ni sanduku moja ukutani. Nyingine sanduku lake liko nje au juu ya nguzo, na ndani ya nyumba mna kibao kidogo tu. Lakini karibu zote zina vitu vitatu vya kutazama.

Cha kwanza ni kioo. Hapo ndipo mita inaposema.

Cha pili ni vitufe. Hapo ndipo wewe unaposema. Vipo vitufe kumi vya tarakimu, kutoka 0 mpaka 9. Kipo kitufe cha kufuta, ambacho mara nyingi kina mshale unaoelekea kushoto. Na kipo kitufe cha kukubali, ambacho katika mita nyingi kina mshale uliopinda. Kitufe cha kufuta huondoa tarakimu ya mwisho uliyobonyeza. Kitufe cha kukubali ni kama kusema, "Nimemaliza, soma barua yangu."

Cha tatu ni taa ndogo inayopepesa. Ukiwasha vitu vingi, hupepesa haraka. Ukizima, hupepesa polepole. Katika mita nyingi kila pepesa 1,000 ni uniti moja ya umeme, na hesabu hiyo imeandikwa usoni mwa mita yenyewe. Jaribu hivi: zima kila kitu nyumbani, kisha itazame taa. Ikiwa bado inapepesa, ujue kipo kitu kinachokula umeme nawe hukijui. Kitafute, na usipokiona, mwite fundi.

TARAKIMU ZA KIOO

Sasa chukua njiti zako. Tarakimu za kioo hazifanani sana na zile tunazoandika darasani. Zimejengwa kwa vijiti saba. Panga njiti zako saba hivi: tatu zimelala, moja juu, moja kati, moja chini. Mbili zimesimama kushoto, mbili zimesimama kulia. Umeona? Hiyo ni 8. Katika 8 vijiti vyote saba huwaka.

Ondoa kijiti cha kulia cha juu. Umepata 6. Kirudishe, kisha ondoa kile cha kati. Umepata 0. Kirudishe tena, kisha ondoa cha kushoto cha chini. Umepata 9. Sasa acha viwili tu vya kulia. Umepata 1.

Mnaona jinsi 6, 0 na 9 zinavyotofautiana na 8 kwa kijiti kimoja tu? Ndiyo maana mtu hukosea. Kioo kikiwa na vumbi, kifute kwa kitambaa kikavu. Kama nyumba ina giza, chukua tochi. Usikisie tarakimu.

KUINGIZA TARAKIMU 20

Tuseme umenunua umeme ukapewa tarakimu hizi:

4173 0926 5581 6304 7290

Usiogope wingi wake. Zimegawanywa mafungu matano, kila fungu lina tarakimu nne. Mara tano nne ni ishirini. Kama kwenye simu zimekuja zimeshikana, ziandike kwanza katika daftari, uzigawe mwenyewe nne nne.

Kwanza, soma fungu moja kwa sauti: nne, moja, saba, tatu. Usiseme "elfu nne mia moja na sabini na tatu". Mita haitaki hesabu hiyo, yataka tarakimu moja moja.

Pili, bonyeza nne hizo, kisha tazama kioo. Je, kioo kimeandika 4173? Kama ndiyo, endelea na fungu la pili. Kama sivyo, futa na urudie.

Tatu, ukimaliza mafungu yote matano, bonyeza kitufe cha kukubali, kisha ngoja kidogo.

Mita nyingi hujibu kwa maneno ya Kiingereza, nasi tuyasome kama picha. Ukiona ACCEPT, barua imekubaliwa. Ukiona REJECT, imekataliwa: huenda umekosea tarakimu, au barua si ya mita hiyo. Ukiona USED, tarakimu hizo zimekwisha kuingizwa. Yaandikeni maneno haya matatu katika daftari kwa herufi kubwa. Mita zisizo na maneno huonyesha alama nyingine. Alama hizo zimeelezwa katika karatasi iliyokuja na mita, na watu wa shirika la umeme wanaweza kukufundisha.

Ukikataliwa, usibonyeze kwa hasira mara nyingi. Mita nyingi zikikosewa mara kwa mara hujifunga kwa muda, hazipokei kitu. Pumzika, soma upya, uanze tena.

Barua hiyo ni ya mita moja tu. Nambari ya mita yako imeandikwa usoni mwake. Iandike katika ukurasa wa mwanzo wa daftari lako. Ukitaja nambari ya mita ya jirani kwa kukosea, fedha ni zako lakini umeme utakuwa wake.

KWA NINI NI LAZIMA UJUE MWENYEWE

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani kumpa kijana akaniingizia? Kusaidiana si kubaya. Lakini fikirini jambo hili. Tarakimu 20 za umeme si siri, kwa sababu hazifanyi kazi kwa mita nyingine. Bali nambari ya siri ya fedha za simu ni siri kubwa. Mtu asiyeweza kusoma humpa mwenzake simu, humtajia na nambari ya siri, "Ninunulie umeme." Leo amenunua umeme. Kesho je? Ameshajua mlango wa sanduku la fedha zako. Anayejua kusoma hufunga mlango huo mwenyewe.

Jambo la pili ni kujua ulichopata. Mkulima wa karafuu asiyejua kusoma mizani hurudi nyumbani na alichoambiwa. Anayejua kusoma hurudi na alichokiona kwa macho yake. Na umeme ni hivyo hivyo.

Nakupa mfano kutoka mwaka 2024. Mita za tarakimu 20 duniani kote hufuata taratibu moja, na kila barua imetiwa ndani yake wakati ilipotolewa, ili isitumike mara mbili. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Lakini nafasi ya kuandikia dakika hizo ilikuwa na mwisho: 16,777,216. Hesabu hiyo ilikuwa ikijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingetengenezwa kabla ya siku hiyo isingepokea barua mpya.

Dawa yake haikuhitaji fundi. Tanzania Bara, wateja wa TANESCO waliponunua umeme walipewa mafungu makubwa matatu, kila moja la tarakimu 20. La kwanza na la pili yalikuwa ya kuirekebisha mita, na la tatu ndilo la umeme wenyewe. Jumla ni tarakimu 60, kwa kufuata mpango wake. Fikiria mzee aliye peke yake nyumbani usiku, simu mkononi, tarakimu 60 mbele yake. Kwa asiyejua kusoma, hiyo ni giza mpaka mtu apatikane. Kwa mwanakisomo ni mafungu kumi na matano ya nne nne, kazi ya dakika chache.

KUSOMA SALIO NA KUWEKA HESABU

Mita ikitulia, katika nyumba nyingi kioo huonyesha uniti zilizobaki. Tazama nukta. 3.2 si 32. Mwenye 32 alale salama. Mwenye 3.2 afanye haraka dukani.

Uniti moja ni nini? Kama karafuu hupimwa kwa pishi au kwa kilo, umeme hupimwa kwa uniti. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikipiga kazi saa moja mfululizo imekula uniti moja. Birika la wati 2,000 huimaliza kwa nusu saa. Lakini taa ya wati 10 huwaka saa 100 kwa uniti hiyo hiyo moja. Basi anayehangaika na taa huku birika linachemka mchana kutwa, anafukuza panya na kumwacha paka kwenye samaki.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fanya hivi kila jioni, baada ya sala ya magharibi: soma kioo, uandike. Tuseme kabla ya kununua ulikuwa na 3.2, ukanunua uniti 14.5. Jumla iwe 17.7. Kama kioo kimeandika 17.7, hesabu ni sawa. Kesho jioni kioo kinasema 15.6. Toa 15.6 katika 17.7, unapata 2.1. Hayo ndiyo matumizi yako ya siku moja. Kwa mwendo huo, 15.6 zitakufaa siku saba na kidogo. Hutashtushwa na giza, kwa sababu umeliona linakuja.

Neno la tahadhari: usibonyeze vitufe kwa mikono mibichi. Usifungue sanduku la mita wala usiguse nyaya zake. Ukisikia harufu ya kuungua, toa watu karibu na uwaarifu watu wa shirika la umeme.

MAZOEZI

1. Kwa njiti saba, jenga tarakimu zote kutoka 0 mpaka 9. Hesabu kila moja imekula njiti ngapi.
2. Gawa tarakimu hizi nne nne, kisha mwenzako azisome: 80651937420016832975.
3. Jana jioni mita ilisoma 9.4, leo jioni 7.6. Umetumia uniti ngapi? Zilizobaki zitatosha siku ngapi kamili?
4. Zungumzeni darasani: ni nani nyumbani kwenu anayeingiza umeme, na kwa nini ni huyo?

Majibu ya zoezi la tatu: uniti 1.8, na siku nne kamili.

Wanakisomo, wiki hii umeme ukikwisha nyumbani kwako, usimwite mtu upesi. Vaa miwani yako kama unayo, chukua daftari, simama mbele ya mita, anza na nne za mwanzo. Kama kijana wa nyumbani yupo, na asimame kando akutazame. Kwaherini.