Kalamu ya Kijana na Ujira Wake
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Songwa)



Swali tulilopewa ni hili: je, ni haki kijana anayetamani kuwa mwandishi wa habari za michezo afanye kazi bila malipo? Huenda wengine wakaliona kuwa jambo dogo. Hapa kwetu tumezoea kujadili bei ya pamba na haki za wachimbaji wadogo. Lakini dhuluma haibadiliki kuwa halali kwa sababu imehama kutoka shimoni na kuingia katika kalamu.

Mpira wa mkoa huu na wa jirani zetu Geita umetupatia mengi ya kuandika. Stand United, timu iliyoanzia kwa watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Mwadui ikafuata mwaka 2015. Mwaka 2022 George Mpole wa Geita Gold alimaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa mabao 17. Habari hizo ziliwafikia wapenzi wa mpira kwa sababu kulikuwa na watu walioziandika. Siku ya mchezo mchezaji analipwa, mwamuzi anapewa posho, mkata tiketi naye ana chake. Mwandishi chipukizi anajilipia nauli, chakula na vocha ya simu. Kisha anaambiwa kwamba malipo yake ni jina lake kuonekana gazetini.

Hatuna budi kutofautisha mambo matatu. Kwanza, kujifunza: kijana ana mwalimu, anasahihishwa, na muda wake una mwisho unaojulikana. Pili, kujitolea: mtu anatoa nguvu zake kwa hiari kwa ajili ya wote, kama anayeandika matokeo ya mashindano ya vigango, na hakuna anayejitajirisha kwa jasho lake. Tatu, kutumikishwa: kazi inauzwa, matangazo yanalipiwa, mwenye chombo anapata faida, na aliyeitenda anarudi nyumbani mikono mitupu, mwezi baada ya mwezi. Mambo mawili ya kwanza ni mema. La tatu ni dhuluma, hata likipewa jina la yale mawili.

Wazee wetu walilijua hilo. Vijana wa Kisukuma walipoitwa kulima shamba la mtu kwa ngoma na majembe, walifanya kazi kwa furaha. Lakini mwenye shamba aliwapikia au kuwatolea mnyama. Furaha ya kazi haikufuta deni la aliyewaita.

Wapo watakaosema, “Kijana mwenyewe amekubali.” Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alikwisha kujibu: makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, iwapo mfanyakazi amekubali kwa kusukumwa na shida. Naye Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ndio kipimo cha kuonyesha kama mpango mzima wa uchumi unatenda haki.

Wengine watasema kwamba vyombo vidogo havina fedha. Huenda ni kweli. Basi na viseme hivyo wazi, vipunguze kazi, virudishe walau nauli, na viweke ukomo. Umaskini wa mwajiri haumpi ruhusa ya kuuhamishia kwa aliye maskini kuliko yeye.

Tena tuangalie matunda yake. Kazi ikiwa ya bure, ataiweza tu yule ambaye baba yake anamlisha. Mtoto wa mkulima wa Kishapu ataiacha hata kama ana kipaji. Naye atakayevumilia kwa njaa, siku moja kiongozi wa timu atamwekea bahasha mfukoni. Hapo habari za fedha za wachezaji zilizopotea hazitaandikwa kamwe. Asiyelipwa kwa kusema kweli hununuliwa kwa bei ndogo ili anyamaze.

Sheria za nchi zina msaada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na malipo yake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo inamdhania kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, mtu ambaye saa zake au namna yake ya kufanya kazi inatawaliwa na mwingine. Kumwita “mwanafunzi” hakutoshi.

Kwa hiyo nawashauri vijana: kabla ya kuanza, ulizeni ni nani atakayewafundisha, mafunzo yatakwisha lini, na ni nani anayefaidika. Yaandikeni makubaliano, nanyi tunzeni nakala. Wazazi, msiwacheke wanaodai nauli yao. Nasi tulio na ofisi za parokia, tusimwite kijana kupiga picha na kuandika habari za sherehe zetu kisha tukamwaga kwa baraka tu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:
1. Ni kazi zipi hapa kwetu ambazo vijana hufanya bila malipo? Ni nani anayefaidika nazo?
2. Jumuiya yetu inawatendeaje wanaoitumikia kwa ujuzi wao?
3. Tufanye nini ili kijana asiye na uwezo asizuiwe kujifunza kazi anayoipenda?