Hitilafu Iko Upande Gani? Kuichunguza Intaneti ya Nyumbani Kabla ya Kulalamika



Katika malalamiko yanayotufikia kuhusu intaneti ya nyumbani, kauli moja hujirudia kuliko nyingine zote: "Mtandao hausomi." Kauli hiyo ni ya kweli kwa aliyeiandika, lakini haitufikishi mbali. Kati ya simu iliyo mkononi mwako na tovuti unayoitaka kuna safari yenye vipande vitatu, na kila kipande kina mwenyewe. Kipande cha kwanza, kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta, kimo ndani ya nyumba yako, nawe ndiwe unayekitunza. Cha pili, kutoka kwenye ruta hadi kwenye mitambo ya kampuni inayokuuzia huduma, ni cha kampuni hiyo. Cha tatu kinapita katika mikongo ya nchi kavu na ya chini ya bahari hadi kwenye kompyuta inayohifadhi tovuti, ambayo huenda iko bara jingine.

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya namna ya kutambua, kwa muda wa robo saa hivi na bila fundi, hitilafu iko katika kipande kipi. Anayelijua hilo hanunui kifaa asichokihitaji. Na anapolalamika, akaambiwa kwamba tatizo ni ruta yake, huwa ana la kujibu.

Wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni la wenye nafasi. Hatukubaliani nao. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanyika mtandaoni. Ritani za kodi hutumwa mtandaoni. Anayetafuta ajira serikalini hutuma barua yake mtandaoni. Maombi hayo yana siku ya mwisho, na mfumo wa kupokea maombi haujui kwamba taa ya ruta ya Mbagala au ya Kahama ilikuwa nyekundu usiku ule.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kile ambacho wengi tunakiita ruta, na wengine modemu, mara nyingi ni vifaa viwili katika kasha moja. Modemu hupokea mawimbi yanayotoka nje, yawe mwanga ndani ya uzi wa mkongo au mawimbi ya mnara wa simu, na kuyageuza kuwa lugha inayoeleweka na kompyuta. Ruta huigawa huduma hiyo kwa simu, kompyuta na runinga zilizomo nyumbani. Kazi moja inaweza kusimama ilhali nyingine inaendelea. Ndiyo maana simu inaweza kuonyesha alama kamili ya waifai na bado usifungue chochote: alama ile inapima ukaribu wako na ruta tu, haisemi lolote kuhusu kinachoingia kutoka nje. Tukipata nafasi ya kusahihisha dhana moja tu leo, tungechagua hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza chochote, zitazame taa. Kwenye kifaa cha mkongo kuna taa iliyoandikwa PON, ambayo inapaswa kuwaka bila kupepesa, na nyingine iliyoandikwa LOS, ambayo inapaswa kuwa imezimika. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haukifikii kifaa chako. Hapo hakuna kitufe utakachobonyeza ukaurudisha. Angalia tu kama ule waya mwembamba unaoingia kwenye kifaa umechomoka, umekunjwa vikali au umebanwa na mguu wa meza, kwa kuwa ndani yake mna uzi wa kioo, na kioo hakikunjwi. Usiuchungulie mwisho wa waya huo kuona kama una mwanga. Mwanga unaopita humo hauonekani kwa jicho, na unaweza kulidhuru jicho hilohilo. Ikiwa waya uko sawa na taa bado ni nyekundu, piga simu kwa kampuni na useme maneno haya: taa ya LOS ni nyekundu. Utakuwa umemwokolea mhudumu maswali mengi, na huna sababu ya kukubali kuelekezwa kuzima na kuwasha mara ya nne.

Wenye ruta za kadi ya simu wana taa ya nguvu ya mawimbi badala ya hizo. Kwao jambo la kwanza ni la aibu kidogo, nalo ni kuangalia kama kifurushi kimekwisha. La pili ni kukisogeza kifaa karibu na dirisha linaloelekea mnara, hasa kama nyumba imeezekwa kwa bati, maana bati huzuia mawimbi hayo kwa kiasi kikubwa.

Ikiwa taa zote ni njema, fanya jaribio ambalo kwa maoni yetu lina thamani kuliko mengine yote. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha ondoa vifaa vingine vyote kwenye mtandao na upime kasi. Huduma ikiwa nzuri kwa waya lakini mbaya kwa waifai, kampuni haina kosa. Tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa mbaya kwa waya pia, waifai haihusiki, na jicho sasa liende kwenye kifaa chenyewe, umeme wake na kinachotoka nje. Asiye na kompyuta aazime ya jirani kwa nusu saa. Bila jaribio hili, mteja na kampuni hubaki wakirushiana mpira.

Tatizo likiwa ndani ya nyumba, mara nyingi ni la mahali. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, hutunza ubaridi vizuri lakini haziyaachi mawimbi yapite kirahisi. Zege lenye nondo nalo ni vivyo hivyo. Ruta iwe juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Tumeona ruta zilizowekwa nyuma ya runinga, ndani ya kabati na hata chini ya kitambaa cha kudarizi kama pambo la sebuleni. Kitambaa kile hakizuii mawimbi, ila kinazuia joto kutoka, na kifaa kilichopata joto jingi hupunguza kasi au hujizima. Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili: gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi lakini hujaa upesi kwa sababu majirani wote wanayo, na gigahezi 5, yenye kasi kubwa lakini huchoka mapema. Anayekaa chumba kimoja na ruta atumie ya pili. Wa chumba cha uani aridhike na ya kwanza.

Sasa tuje kwenye umeme, ambao watu huusahau. Mwenye duka moja la steshenari alituandikia kwamba huduma yake inakatika kila jioni wateja wanapokuwa wengi. Alikuwa ameshanunua ruta mbili, zote za mtumba, zilizouzwa bila adapta. Kumbukumbu za kampuni zilionyesha kwamba laini yake ilikuwa nzima. Alipoombwa asome maandishi madogo ya chini ya ruta, yalisema volti 12, ampea 1.5. Adapta yake, iliyotoka kwenye kifaa kingine, ilikuwa ya volti 12 na ampea 0.5. Asubuhi, kompyuta ikiwa moja, umeme ule ulitosha. Jioni vifaa vilipoongezeka, ruta ilikosa nguvu ikajizima na kujiwasha. Linganisheni namba hizo mbili. Volti zilingane kabisa. Ampea za adapta zisipungue zile zinazohitajiwa na ruta, na zikizidi hakuna dhara. Na radi inapokaribia, chomoeni adapta ukutani.

Inafuata habari ya kuzima na kuwasha. Ushauri huo watu huucheka, lakini una maana yake: ruta ni kompyuta ndogo, na ikikaa wiki nyingi bila kupumzika kumbukumbu yake ya muda huweza kuvurugika. Zima swichi, hesabu hadi thelathini, washa, kisha subiri dakika tatu au nne hadi taa zitulie kabla ya kuhukumu. Ikifaa, vizuri. Ikibidi kurudia kila siku, hiyo si tiba tena. Ni dalili, na iandikwe.

Lakini pana tofauti kubwa kati ya kuzima kwa swichi na kubonyeza kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo, kinachofikiwa kwa ncha ya pini. Kitufe hicho hukirudisha kifaa katika hali kilivyotoka kiwandani. Hufuta jina na nywila ya waifai yako, jambo ambalo ni dogo. Katika baadhi ya huduma hufuta pia jina la mtumiaji na nywila ambavyo fundi wa kampuni aliviingiza siku ya kwanza ili ruta itambuliwe na mitambo yao, na hilo ni kubwa. Mteja aliyekuwa na huduma ya kusuasua hubaki hana huduma kabisa, na siku ya mwisho ya maombi ni kesho. Usikibonyeze kitufe hicho mpaka kampuni ikuagize, na hata ikikuagiza, uliza kwanza: "Mna taarifa za kuirudisha? Nitasomewa sasa hivi?"

Hitilafu ya kipande cha tatu hujitambulisha kwa namna yake. Fungua tovuti tatu zisizohusiana, mojawapo ikiwa ya humu nchini. Ikigoma moja tu, mwenye tovuti ndiye mwenye tatizo. Zikigoma au kusuasua za nje huku ya ndani ikifunguka vizuri, huenda njia ya kimataifa imeguswa, ingawa zipo tovuti za ndani zinazohifadhiwa nje. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku kama ile, anayeiwasha na kuizima ruta anapoteza muda wake. Muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Akiwa na shida ileile, umepata jibu.

Neno kuhusu kasi, maana hapa ndipo hasira nyingi huzaliwa. Kasi huuzwa kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde, kikiwa katika ubora wake wote, hupakua megabaiti 1.25 kwa sekunde. Hajapunjwa aliyeona namba hiyo kwenye kioo chake. Someni pia neno "hadi" katika mkataba. Neno hilo hulipa tangazo uhuru mkubwa, nasi hatulipendi. Muulizeni muuzaji, kabla ya kusaini, kasi ya chini inayotarajiwa ni ipi, na jibu liwe katika maandishi.

Ikiwa baada ya haya yote hitilafu imeonekana kuwa upande wa kampuni, chukueni daftari. Pimeni kwa waya saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, kwa siku saba, mkiandika tarehe, saa, kasi na rangi za taa. Picha ya taa iliyopigwa kwa simu ni nyongeza nzuri. Kasi inayokuwa nzuri alfajiri na kuanguka usiku huashiria msongamano katika mitambo ya kampuni, na kampuni haiwezi kuupinga kirahisi ukurasa wenye vipimo ishirini na kimoja.

Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma, si kwetu. Kila unapompigia, omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na uiandike pamoja na jina la mhudumu. Simu isiyo na namba ya kumbukumbu, kwa madhumuni ya shauri, ni kana kwamba haikupigwa. Asipolitatua, lalamiko hilo huletwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania likiwa na namba zile, nakala ya mkataba, risiti za malipo na kurasa za daftari. Anayehitaji msaada wa kuliandaa anaweza kuliendea Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka ana haki ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Andikeni pia mnachodai: marekebisho, fidia ya siku zilizopotea, au kuvunja mkataba bila adhabu. Barua nyingi hueleza machungu kwa kurasa mbili bila kusema mwandishi anataka nini.

Waliokuja na ruta na adapta zao wazilete hapa mezani, tusome pamoja yale maandishi madogo ya chini. Wengine tunawakaribisha kwa maswali.